Kufufua Golf GTI ya zamani hapo hapo mbele ya nyumba

Gari langu ni Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1986, kizazi cha pili, valvu 8, milango mitatu, rangi nyekundu. Nililikuta chini ya mti, halijawashwa kwa miaka 9. Matairi yalikuwa yamelala, kitambaa cha dari kimeshuka mpaka kwenye viegemeo vya vichwa, na ukifungua mlango harufu inayokupokea ni ya kisima. Leo linatembea. Ukiacha kupaka rangi bodi na beringi za mbele, ambazo zinahitaji mashine ya kupresi, kazi yote nimeifanya pale gari linapolala, mbele ya nyumba, bila paa, bila shimo na bila lifti.

Naandika kwa mtu mwenye hali kama yangu: nafasi ya gari moja na kidogo, siku ya Jumamosi, na gari dogo la kasi la miaka ile ambalo hataki kabisa lipelekwe kwenye vyuma chakavu. Nitatumia Golf kwa sababu ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu. Ukiwa na Peugeot 205 GTI au Ford Escort XR3i, mpangilio wa kazi ni ule ule; vipimo utavitafuta kwenye kitabu cha gari lako, na kitabu hicho kinunue kabla hujanunua spana hata moja.

Kanuni yangu kubwa ni hii: jioni ikifika, gari lisimame kwa magurudumu yake manne na liweze kusukumwa. Sikuanza nayo. Wiki za mwanzo nilifungua mbele, nikafungua nyuma, nikatoa viti, nikashusha ekzosi, vyote kwa pamoja, kwa sababu kufungua kunanoga. Kisha mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Gari halikusogea, bolti zilianza kupata kutu ndani ya makopo yake, na siku jua lilipotoka kwa nguvu, stendi moja ilizama kwenye lami laini na gari likainama kona moja. Hakukuwa na mtu chini yake. Siku hiyo nilirudisha kila kitu mahali pake, hata vile vibovu, nikaanza upya kona moja moja. Gari lililosimama kwa magurudumu linaweza kukusubiri mwezi mzima ukiwa na shughuli nyingine. Lililo vipande halikusubiri, linaoza na kupotea kidogo kidogo.

Kulinyanyua

Kata vipande vinne vya plaiwudi nene, milimita 18 au zaidi, kila kimoja sentimita 40 kwa 40, uviweke chini ya stendi. Vinagawa uzito, na stendi haizami kwenye lami wala haipasui vigae. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usitegemee breki ya mkono, maana kwenye magari haya mara nyingi ndiyo kitu cha kwanza kufa, na hata ikishika, inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia ni kazi ya stendi, kila mara, hata kama unaingia chini kuchukua nati iliyodondoka. Tairi ulilolitoa lisukume chini ya kizingiti, ile sehemu ya bodi iliyo chini ya mlango, ili gari likiteleza liangukie tairi. Kabla hujaingia, lishike bodi ulitikise kwa nguvu zako zote. Kama litaanguka, lianguke ukiwa nje.

Likaushe kwanza

Watu wanakimbilia injini. Mimi nasema anza na maji, kwa sababu kila siku maji yanapobaki ndani ya gari, kutu inafanya kazi usiku na mchana, na wewe unafanya kazi Jumamosi tu.

Toa viti, inua zulia na ule mfuto, kitambaa kinene kilicho chini yake. Kwenye Golf hii maji huingia kwa njia nne ninazozijua: beseni lililo chini ya kioo cha mbele, pale wipa zilipo, likiziba kwa majani, karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya mbao za milango, ikibanduka gundi, raba ya kioo cha mbele, na sili za taa za nyuma. Kaa ndani na tochi, mtu mwingine amwage maji nje polepole kwa kopo, sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia chini kwenda juu. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kwangu yalikuwa beseni na mlango wa kushoto. Kiganja cha majani yaliyooza na mita moja ya gundi nyeusi vilimaliza tatizo la miaka.

Kutu

Chukua bisibisi bapa, uligonge gari zima kwa mpini wake. Bati zima linajibu kwa sauti kavu, inayolia. Bati lililoliwa linajibu kwa sauti butu, kama unagonga kadibodi. Ukisikia hivyo, geuza bisibisi usukume kwa ncha. Usionee huruma rangi; kama ncha inapenya leo kwa mkono, jeki itapenya kesho.

Kwenye Golf ya kizazi cha pili tazama hasa ncha ya mbele ya vizingiti, nyuma ya magurudumu ya mbele. Sehemu za kuwekea jeki. Kona za chini za kioo cha mbele. Midomo ya madigadi ya nyuma. Sinia la betri. Na mlango wa nyuma kuzunguka kioo chake. Kiwandani walimimina nta kwenye mashimo ya ndani ya bodi, na ndiyo sababu mengi ya magari haya bado yapo. Lakini nta inakauka na kupasuka, na udongo unajikusanya mahali pale pale kila mwaka.

Kwangu ilikuwa kizingiti cha kulia. Nilipotoa kinga ya plastiki ndani ya madigadi, ilishuka pamoja na udongo mweusi, mbichi, uliojaa mikono miwili. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipitisha brashi ya waya mara moja, na tundu likafunguka kubwa kuliko kiganja changu. Kwa ndani nikaona ukuta wa pili wa kizingiti, nao umeanza madoa.

Hapo kuna kishawishi cha kujaza puti na kupaka rangi. Usifanye hivyo kwenye kizingiti. Hicho ni mfupa wa gari, ndicho kinachobeba na ndicho kinachokulinda ukigongwa ubavuni. Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa pande zote mbili, la mbele na la nyuma. Tengeneza umbo kwa kadibodi kwanza, ulijaribu, ulipunguze, ulijaribu tena, halafu ndipo ulikate bati. Mimi nilitumia bati la milimita 1.

Kuchomelea nje kuna adui ambaye fundi wa gereji hamjui: upepo. Mashine ya MIG inalinda chuma kilichoyeyuka kwa gesi, na upepo mdogo tu unaipeperusha gesi hiyo. Mchomeleo unatoka na vitundu kama sifongo, na kwa macho unaweza kuonekana mzuri. Zungushia mbao au mabati, chagua asubuhi tulivu, na kama miti inacheza, fanya kazi nyingine siku hiyo. Weka vidoto vya mchomeleo kwanza, sentimita mbili au tatu kati ya kimoja na kingine, kisha jaza katikati kwa kurukaruka: kimoja hapa, kingine upande wa pili. Ukienda moja kwa moja, bati litapinda.

Kabla ya cheche ya kwanza, betri itoke garini. Zulia, mfuto, waya na plastiki vya eneo hilo vitoke. Jua mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi chini ya sakafu. Karibu na tangi usichomelee kabisa mpaka tangi litoke na liwekwe mbali. Mabaki ya lami ya chini ya gari yanashika moto polepole, kwa hiyo ukimaliza kaa hapo saa nzima na ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto, ukipapasa bati kwa nyuma ya mkono. Bati lenye zinki linatoa moshi mweupe unaoumiza kifua. Liparue zinki kwanza na uvae barakoa inayofaa.

Baada ya hapo: praima ya epoksi, sili kwenye viungo, rangi, na mwisho kabisa nta ndani ya kizingiti kwa mpira mrefu wenye nozeli. Siku inayofuata pitisha waya kwenye vitundu vya chini vya kutolea maji. Nta ikivifunga, umejenga tangi la maji na kutu itarudi kutokea ndani.

Breki, kabla ya gari kuweza kwenda

Nasema hivi kwa makusudi: gari lisiwashwe kwenda popote kabla breki hazijakamilika. GTI hii ina diski mbele na nyuma. Kalipa za nyuma, zile zinazobana pedi kwenye diski, ndizo zenye maradhi. Zinafanya kazi mbili, ya pedali na ya mkono, na kile kiwiko kidogo kinachovutwa na kebo ya breki ya mkono hushika kutu kwenye kishina chake. Kebo inakivuta, hakirudi. Pedi zinabaki zinasugua, diski inapata joto, na dereva analaumu injini kwamba haina nguvu.

Kaa chini mbele ya gurudumu la nyuma, mtu mwingine avute breki ya mkono na kuiachia, wewe tazama kiwiko. Lazima kirudi chenyewe mpaka kwenye kituo chake. Changu cha kushoto kilirudi nusu safari, kikasita, kikabaki. Unaweza kukilainisha kwa mafuta ya kupenya na kitatembea kwa wiki moja. Mimi nilibadilisha kalipa zote mbili na kebo zote mbili, na sijutii.

Ukibadilisha pedi za nyuma, pistoni haisukumwi kwa klempu kama za mbele. Inazungushwa kuelekea kulia huku ukiibana, ndipo inaingia. Nimeona kalipa iliyopasuka kwa sababu mtu aliilazimisha. Ukiwa hapo hapo, funga vizuri beringi za nyuma: kaza nati huku ukizungusha diski, kisha ilegeze mpaka washa iliyo nyuma yake iweze kusogezwa na ncha ya bisibisi kwa nguvu ya vidole tu, bila kuitumia bisibisi kama mtaimbo. Hapo ndipo beringi inapumua bila kucheza.

Mipira ya breki yote badilisha. Mipira ya zamani huvimba ndani. Kwa nje inaonekana mizima, lakini mafuta yanakwenda na hayarudi. Bomba la chuma lenye kutu ya magamba, hasa juu ya ekseli ya nyuma, nalo litoke. Tumia mafuta mapya ya breki, DOT 4, na utoe hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kuna jambo lililonipotezea siku nzima: gari likiwa limening'inia, kidhibiti cha presha cha nyuma kinadhani gari ni jepesi na kinabana mafuta. Mtu ashike kiwiko kidogo cha kidhibiti hicho akisukume kuelekea ekseli wakati unatoa hewa, na matone yatageuka kuwa mkondo.

Mafuta

Jirani yangu ni mzee, fundi mstaafu. Siku ya pili tu alikuja akasimama karibu na boneti.

"Kijana, umeshaizungusha kwa mkono?"

"Bado, mzee. Nataka niweke betri nisikie tu."

"Basi huo ufunguo nipe mimi."

Alikaa nao karibu miezi miwili, na aliokoa injini yangu. Mafuta yaliyokaa miaka 9 si petroli tena, ni kitu cha kahawia chenye harufu ya vanishi, na ukikipitisha kwenye mfumo, kinagandia kila tundu.

Golf GTI ya valvu 8 ya mwaka huo inatumia K-Jetronic ya Bosch, mfumo wa kupuliza petroli ulioanza mwaka 1973. Herufi K inatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo: nozeli zote nne zinapuliza bila kukoma injini inapokuwa hai, kwa presha ya karibu bari 5. Hakuna kompyuta inayoamua. Hewa inayoingia inainua sahani, sahani inainua kipistoni ndani ya kigawa mafuta, na kipistoni kinafungua vipasuo vyembamba sana. Ni kitu kizuri mno kukielewa, na uchafu mdogo sana unakiua.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Kwenye kizazi hiki shingo ya tangi ni ya chuma na inapita ndani ya madigadi ya nyuma ya kulia, ambako tairi linairushia maji na mawe. Inatoboka kutoka nje, na vumbi la kutu linaingia tangini. Kwa hiyo usisafishe tangi kabla ya kukagua shingo. Utasafisha mara mbili. Mimi nilibadilisha shingo, nikashusha tangi na kulisuuza, nikaweka chujio jipya na mipira mipya yote iliyotengenezwa kwa presha ya injekta. Mpira wa kawaida wa kabureta haufai hapo, utapasuka na petroli itamwagikia ekzosi.

Kisha jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari la namna hii alifanye. Vuta nozeli nne kutoka kwenye vishikizo vyake, zimeshikwa na raba tu na huwa ngumu kutoka. Ziingize kwenye chupa nne za kioo zenye midomo mipana, mabomba yake yakiwa bado yamefungwa. Tenga waya wa koili ili kusiwe na cheche, fanya kazi hiyo mahali pa wazi penye hewa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu na mkono. Washa pampu kwa kuunganisha mahali pa rilei yake (swichi yake ya umeme), halafu inua sahani ya hewa polepole kwa sumaku. Nozeli nzima zinalia kwa mluzi mwembamba na kutoa koni ya ukungu. Tatu zangu zilifanya hivyo. Ya nne ilitoa uzi mmoja mnene unaopiga ukuta wa chupa. Nilipoishusha sahani, tatu zilinyamaza zikakauka, na hiyo ya nne ikaendelea kudondosha tone baada ya tone. Silinda inayolishwa hivyo inaoshwa oili kwenye kuta zake kila unapowasha gari.

Nilinunua nozeli nne mpya na raba zake zote. Raba hizo usizidharau: zikikauka, hewa inaingia bila kupitia kwenye sahani, mfumo hauioni, na injini inatetemeka ikiwa haina mzigo. Kama gari lako linawaka vizuri asubuhi na linagoma likizimwa la moto, mshuku kihifadhi presha kilicho karibu na pampu, chini ya gari, kabla hujashuku kitu kingine.

Injini: fungua kidogo kadiri unavyoweza

Toa plagi, weka kijiko cha oili kwenye kila silinda, acha ilale. Kesho yake weka spana kwenye bolti ya krankshafti, uzungushe kwa mkono raundi mbili. Ikigoma, usilazimishe, ongeza oili, subiri siku nyingine. Ikizunguka laini, badilisha oili na chujio, kisha piga stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo mzee alinirudishia ufunguo.

Ilipowaka na kupata joto, nilipima kompresheni, yaani presha ambayo kila pistoni inaijenga kwenye silinda yake, plagi zote nje na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Kwa injini hii kati ya bari 10 na 13 ni nzuri, chini ya 7.5 imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi bari 3. Nilipata 11.5, 11.5, 11 na 11. Nikaamua pistoni zibaki zilipo. Rafiki zangu walinishangaa, walitaka injini yote ishuke. Lakini injini yenye namba hizo ukiifungua bila sababu, kwenye eneo lenye vumbi, una nafasi kubwa ya kuiharibu kuliko kuitengeneza.

Ilichokuwa nacho ni moshi wa bluu baada ya kushuka mteremko mguu ukiwa nje ya pedali. Hizo ni sili za valvu, na zinabadilishika silinda hedi ikiwa mahali pake. Utatoa kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa hiyo weka alama kila kofia ya beringi zake, namba na upande, zisibadilishane. Ingiza kamba ya nailoni kupitia tundu la plagi na upandishe pistoni taratibu mpaka iibane kamba. Valvu haitaanguka ukiibana springi yake. Zile tapeti za haidroliki, vikombe vidogo vilivyo kati ya kamshafti na valvu, zipange kwa mfuatano wake, mdomo ukiangalia juu. Kofia zinakazwa kwa Nm 20 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo). Ukimaliza, subiri angalau nusu saa kabla ya kuwasha ili tapeti zishuke. Zikiwa zimejaa, valvu zinaweza kubaki wazi na kugonga pistoni.

Mkanda wa taimingi badilisha hata kama muuzaji amekuapia ni mpya. Kuna alama tatu za kulinganisha, na ya tatu ndiyo watu huisahau: ya kamshafti, ya krankshafti, na ya shafti ya kati, ambayo ndiyo inayozungusha distribyuta. Ukiikosea hiyo, injini itakuwa sawa kimakanika na moto utatoka wakati usio wake. Kwa mkazo, shika mkanda kwa kidole gumba na cha shahada katikati ya puli ya kamshafti na ya shafti ya kati. Uweze kuugeuza nyuzi 90, si zaidi. Zungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili, tazama alama tena. Alama zikikataa, rudi mwanzo bila kujishawishi kwamba jino moja halina neno.

Vilivyobaki, kwa kifupi

Bushi za ekseli ya nyuma na za kontroli amu za mbele ndizo zinazorudisha tabia ya gari hili, kuliko shokapu ghali. Bolti zake zipake mafuta ya kupenya siku tatu kabla. Zikaze kidogo kwanza ndipo uzilegeze. Kutu inavunjika vizuri zaidi hivyo. Na zile bushi za raba usizikaze kwa nguvu gari likiwa limening'inia. Ziache na mkazo wa mkono, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, raba inabaki imejisokota kila siku ya maisha yake na itapasuka mapema.

Umeme: ondoa nyaya zote za redio na alamu zilizoongezwa na watu, safisha kila mahali pa kufungia ethi mpaka chuma king'ae. Nusu ya maajabu ya taa na geji yataisha hapo.

Matairi yasome tarehe. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. Yangu yalikuwa na maua mazuri na umri wa miaka 14. Niliyatupa yote manne. Saizi ya 185/60 R14 bado inatengenezwa.

Kupaka rangi bodi nilimwachia mtu mwenye chumba chake, kwa sababu rangi za kuchanganya na hadina (kigumishi) zina isosayaneti, kemikali yenye sumu, na barakoa ya kawaida haizuii. Ila kabla ya kuamua kupaka upya, jaribu kung'arisha. Nyekundu ya gari langu haina koti la klia, lile la juu lisilo na rangi, ilikuwa imefifia mpaka imekuwa ya waridi. Nilisugua boneti kwa polishi na kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa chekundu kabisa, na chini yake ikatokea rangi ile ile ya mwaka 1986. Milango na paa sikuvipaka upya mpaka leo.

Ndani nilibakiza kila nilichoweza, pamoja na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Kilibuniwa na Gunhild Liljequist, mwanamke aliyekuwa kwenye idara ya rangi na vitambaa ya Volkswagen, ambaye ndiye pia aliyechagua kitambaa cha miraba cha GTI ya kwanza ya mwaka 1976. Changu kimelika pale kiganja kinapokaa. Kimebaki vile vile.

Safari za mwanzo

Bolti za magurudumu zikaze kwa spana ya torki, Nm 110, na urudie baada ya kilomita 50. Breki mpya zizoeshe kwa kupunguza mwendo mara nyingi kwa wepesi, ukiziacha zipoe katikati, kabla hujazikanyaga kwa nguvu. Usiende mbali, zunguka karibu, rudi, fungua boneti, nusa. Petroli, oili inayoungua na kulanti (maji ya kupozea injini) kila kimoja kina harufu yake, na pua inawahi kuliko geji. Gusa kila rimu kwa nyuma ya mkono: moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa yake inashika.

Kila jioni tandika kadibodi kubwa chini ya gari, uiwekee alama za magurudumu manne kwa kalamu. Asubuhi ivute uisome. Wiki ya kwanza yangu ilikuwa na madoa matatu. Moja lilikuwa nati ya bomba la mafuta ya breki kona ya nyuma kushoto. Nilikaza robo raundi, nikasafisha, halikurudi. La pili lilikuwa kulanti, klipu ya mpira wa rejeta. La tatu mzee alilichovya kwa kidole, akalisugua, akalinusa, akaniambia si oili ya injini, ni ya giaboksi. Alikuwa sahihi: ni sili ya driveshafti upande wa kushoto. Mpya ipo mezani, na kona hiyo naifungua Jumamosi.